Wakwe Wawili kwenye Tamasha la Mvinyo

Baba yangu hakuja kwenye harusi yangu. Mama alikuja, na shangazi zangu wawili, wakasafiri kutoka Dodoma mpaka Nachingwea, wakala pilau, wakacheza hadi viatu vikawashinda, wakarudi. Baba alisema zabibu zake zimeiva na hawezi kuziacha. Ni kweli zilikuwa zimeiva. Lakini nyumbani kwetu kila mtu alijua kilichokuwa kinamsumbua. Baba ni Mkatoliki aliyekulia karibu na parokia, na zabibu zake za kwanza aliwauzia mapadri. Kumwona binti yake akiolewa na Mwislamu wa kusini, tena bomani, kila mmoja akibaki na dini yake, lilikuwa jambo zito kwake. Hakugomba. Alikaa kimya tu, na ukimya wa baba yangu unaujua hata ukiwa chumba kingine.

Mimi ni muuguzi. Nilipangiwa kazi Nachingwea nikiwa bado msichana, na mume wangu nilimpata kazini: yeye ni fundi majokofu, na jokofu letu la chanjo lilikuwa linaharibika mara kwa mara, mpaka wenzangu wakaanza kusema labda analiharibu mwenyewe. Kwao ni Nkowe, upande wa Ruangwa, kwa wakulima wa korosho na ufuta wa siku nyingi. Tulizaa watoto wawili. Baba akawa anapiga simu kila Jumapili, anawauliza wajukuu wamekula nini, anamsalimia mume wangu kwa heshima zote, lakini kuja, hapana. Mara kuna kupogoa, mara kuna kupulizia dawa, mara mgongo.

Mwaka juzi akapiga simu siku ya Jumatano. Nilishtuka, nikadhani kuna msiba.

"Hivi huko kwenu kuna tamasha la mvinyo?" akaniuliza.

Nilicheka. Nikamwambia huku kuna tamasha la ngoma, kuna mashindano ya mpira, mvinyo sijausikia. Kumbe yeye alikuwa anajua kuliko mimi. Kikundi cha akina mama wa kwetu wanaosindika mabibo, yale matunda ya mkorosho ambayo miaka yote yamekuwa yakiozea chini baada ya korosho kung'olewa, walikuwa wameanza kutengeneza mvinyo na walitaka watu waujue. Wakawaalika wakulima wa zabibu wa Dodoma waje na mivinyo yao myekundu, kila kijiji na wake, watu waonje na kulinganisha. Kikundi cha baba kilikuwa kimemchagua yeye kwenda kuueleza mvinyo wao mbele ya watu.

"Wamesema mimi nina binti huko," alisema, kama mtu anayejitetea. "Kwa hiyo nitakuja."

Furaha niliyokuwa nayo ilichanganyika na hofu. Baba mkwe wangu ni mtu wa swala tano. Kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiadhini kwenye msikiti wa kijijini kwao. Hajawahi kunisema kwa lolote tangu niingie katika familia yake; mwezi wa Ramadhani ananiita futari kama wengine wote, na Krismasi ananitumia jogoo. Mimi nami tangu niolewe sikuwa nimegusa pombe, si kwa kukatazwa, ni kwamba sikuona raha ya kunywa kitu ambacho mezani kwangu hakuna mwingine anayekinywa. Sasa baba yangu anakuja kwa mara ya kwanza, na anakuja na makreti ya mvinyo.

"Mwache aje na chupa zake," mume wangu alisema. "Si zina vizibo?"

Nikapanga mambo. Jumamosi baba atakuwa kwenye tamasha, mjini Nachingwea, atamaliza shughuli zake. Jumapili, akiwa ameoga na kuvaa suti yake, tutampeleka Nkowe kusalimia, bila chupa hata moja ndani ya gari. Mume wangu alimpigia baba yake kumweleza. Alimwambia tu kwamba mkwe anafika na Jumapili wataonana. Neno mvinyo hakulitaja.

Baba alifika Ijumaa jioni na wenzake kwenye gari la kukodi, wamechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Alipoteremka aliwatazama wajukuu wake wakiwa wamesimama barazani wamevalishwa vizuri, akawaambia "Mbukwenyi," salamu ya kwetu Ugogoni, na yule mkubwa, niliyemfundisha wiki nzima, akajibu vizuri. Baba akageuka upande akajifanya anatafuta begi. Alitafuta muda mrefu.

Asubuhi tukaenda uwanjani. Yalikuwa yamefungwa maturubai meupe, na chini yake meza zimepangwa, kila meza imeandikwa mahali ulikotoka mvinyo wake. Kulikuwa na Hombolo, Mvumi, na Mpunguzi ambako ndiko kwa baba. Mfanyabiashara mmoja kutoka Mtwara alileta chupa ndefu za Afrika Kusini. Akina mama wa Mkotokuyana walikuwa na mvinyo wa choya, yale maua ambayo wengine huyaita rozela, mwekundu kama shanga. Na wenyeji wa tamasha walikuwa na mvinyo wao wa mabibo, ambao kwa asili si mwekundu sana, kwa hiyo walikuwa wametia choya kidogo ili usionekane mgeni kati ya wenzake. Pembeni ya kila chupa waliweka matunda yenyewe, watu waone mvinyo umetengenezwa kwa kitu gani. Baba na wenzake walileta vichala vya zabibu za mwisho za msimu ndani ya maboksi yenye majani makavu.

Baba alinimiminia kidogo kwenye glasi. "Onja. Sema unachosikia."

Nikaonja. Kwanza nikasikia utamu wa mbali, halafu fizi zikakaza, ulimi ukakauka.

"Una ukakasi," nikasema.

"Huo unatoka kwenye maganda na mbegu. Sasa nenda Hombolo halafu urudi."

Nikaenda Hombolo, nikarudi. Ule wa Hombolo ulikuwa laini zaidi, unateremka bila ugomvi. Wa Mvumi ulinikumbusha zambarau ukizila nyingi mpaka midomo inabadilika rangi. Wa Afrika Kusini ulikuwa na harufu ya mbao, kama kabati jipya ukilifungua, na sikuupenda, ingawa mfanyabiashara wake alinieleza kwa bidii kwa nini nilipaswa kuupenda. Nilikuwa ninaonja matone tu, lakini kwa mtu aliyekaa miaka mingi bila kunywa, matone nayo yana nguvu zake. Nilijiona naanza kucheka bila sababu. Baba naye alikuwa anacheka. Tulikuwa hatujasimama hivyo, bega kwa bega, tangu nilipokuwa nikimsaidia kubeba ndoo za zabibu kabla sijaenda chuo.

Hapo ndipo nilipomwona baba mkwe wangu getini.

Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, koti jeusi juu yake, na kofia yake ya sherehe. Mkononi alishika fimbo na mfuko wa khanga. Baadaye nilijua kwamba aliposikia mkwe amefika Nachingwea aliona si adabu kumsubiri mgeni aliyetoka mbali namna ile amfuate nyumbani kwake. Akachukua bodaboda kutoka Nkowe hadi Ruangwa mjini, kisha gari la abiria mpaka kwetu, akatukosa nyumbani, na majirani wakamwelekeza uwanjani. Kijana aliyekuwa akikagua wanaoingia alimwangalia kanzu yake, akamwambia kwa upole, "Mzee, huku ni mvinyo."

"Nimeona," akajibu. "Nimemfuata mkwe wangu."

Baba alikuwa hajawahi kuonana naye ana kwa ana, lakini alimjua kwa picha. Alipomwona anakuja katikati ya meza, kitu cha kwanza alichofanya ni kuficha glasi nyuma ya mgongo kama mwanafunzi. Mvinyo ukamwagikia suruali yake. Mimi nilisimama pale nikitamani turubai lianguke litufunike wote.

"Usifiche, mkwe," baba mkwe alisema. Kiswahili chake ni cha taratibu, maneno anayatafuta kwanza kwa Kimwera ndani ya kichwa chake kisha anayatoa. "Mimi sinywi. Wewe ni kazi yako. Nimekuja kukuona wewe."

Wakashikana mikono, mikono yote miwili, wakaulizana habari za nyumbani, za safari, za mvua, za wazee walio hai na waliokwenda. Baba aliacha meza yake, akabeba viti viwili mwenyewe, akavitoa nje ya turubai kwenye kivuli cha gari lao. Wakakaa. Kisha hawakujua la kusema. Nilikuwa nikiwatazama kwa mbali: wazee wawili wamepakata mikono, wanatazama mbele kama wanaopigwa picha.

Baba ndiye aliyepata njia. Aliinuka, akaja mezani, akachukua kichala cha zabibu akakisuuza kwa maji ya chupa, akampelekea.

"Hizi bado hazijafanywa kitu," alisema. "Ni tunda tu. Za kijijini kwangu."

Baba mkwe akasema bismillahi, akatia moja mdomoni, akatafuna na mbegu zake zote. "Ina ukakasi," akasema. "Kama bibo, lakini huu unakuja nyuma."

Baba akanigeukia. Uso wake ulikuwa umefunguka kabisa. "Umemsikia? Unakuja nyuma!"

Baada ya hapo hakutulia tena. Alizunguka meza zote kuomba. Alileta zabibu za Hombolo, akaleta za Mvumi. Mezani kwa choya akaomba juisi iliyochemshwa asubuhi ile, ambayo ilikuwa haijachachuka. Kwa mabibo alipewa bibo jekundu limetoka kuchumwa. Alivileta vyote mbele ya mkwe wake, na yeye mwenyewe alikuwa na glasi ya kila kimoja. Yule anaonja tunda, huyu anaonja mvinyo wake, kisha wanaambizana. Walipofika kwenye bibo majukumu yalibadilika. Baba alikuwa hajawahi kula bibo. Baba mkwe alilikamua kwanza kwa viganja, akamwonyesha namna ya kuliuma huku ameinama ili maji yake yasidondokee nguo, maana doa lake halitoki. Baba akauma, akakunja uso mzima.

"Ndugu yangu! Hiki mnakula?"

"Hilo ni la kwanza. La pili utaomba mwenyewe."

Na kweli aliomba la pili.

Mchana ukafika. Waliokuwa wakiendesha shughuli walitangaza kwamba sasa kila mkoa na kila kijiji kitaeleza mvinyo wake. Hombolo wakasema, Mvumi wakasema, mfanyabiashara wa Mtwara akasema kwa muda mrefu sana. Wakaita Mpunguzi. Kimya. Wakaita tena. Wenzake baba wakaanza kunitazama mimi. Nikatoka nje ya turubai, viti vitupu. Nikazunguka gari, hakuna mtu. Nikafikiri labda wamegombana, au baba ameumwa tumbo kwa yale mabibo.

Nikamkuta kwenye msikiti ulio jirani na uwanja. Alikuwa amekaa nje kwenye ngazi, suruali ina doa la mvinyo, mikononi ameshika mfuko wa khanga na fimbo, na viatu vya ngozi vya baba mkwe viko mbele yake, ameviweka sambamba.

"Baba, wanakuita! Zamu yako inapita!"

"Siwezi kuondoka," akasema. "Yuko ndani anaswali. Ameniachia viatu vyake."

"Nitakaa navyo mimi."

"Ameniachia mimi."

Nikakaa karibu naye kwenye ngazi. Tukangoja. Kutoka ndani ilisikika sauti ya imamu na watu wakiinuka na kuinama. Baba alivua kofia yake akaiweka gotini, kama anavyofanya kanisani. Kwa mbali kipaza sauti kiliita Mpunguzi kwa mara nyingine kisha kikanyamaza.

Tuliporudi tulikuwa watatu, na shughuli ilikuwa imekaribia kwisha. Wakamkubalia aseme mwishoni. Alikuwa amekariri maneno aliyoandikiwa na mtaalamu wao: harufu, uzito, mwisho wa mvinyo mdomoni. Alisimama, akakishika kipaza sauti, akasalimia. Halafu maneno yote yakamtoka. Alifungua mdomo akaufunga. Watu walianza kukohoa. Niliona jasho linamtoka chini ya kofia, nikainamisha kichwa kwa sababu sikuweza kumtazama.

"Mkwe!" Ilikuwa sauti ya baba mkwe wangu kutoka ukingoni mwa turubai, sauti iliyozoea kufika mbali bila kipaza sauti. "Waambie habari ya ule ubwiri unga."

Kumbe walipokuwa kwenye vile viti walikuwa wamegundua jambo ambalo mimi, niliyelelewa kwenye zabibu na kuolewa kwenye korosho, sikuwahi kulifikiria. Ugonjwa unaounguza maua ya mkorosho, ule unga mweupe kama majivu, una ndugu yake kwenye mizabibu, na wazee hao wawili kila msimu wanafunga vitambaa puani kupulizia salfa ileile, wanakohoa kikohozi kilekile, na wanagombana na wake zao kwa sababu ya harufu ya nguo zao.

Baba akacheka, na maneno yakarudi. Alieleza anavyoamka kabla ya upepo kuanza, anavyogeuza jani kuangalia chini yake, anavyopogoa, hofu ya mvua inayonyesha wakati zabibu zimeiva. Watu wa Nachingwea, wengi wao wakulima wa korosho waliokuwa wamekuja kushangaa tu, wakaanza kunyoosha mikono. Salfa ya unga au ya maji? Unapulizia mara ngapi? Na ukichelewa? Mtu mmoja alisimama akataka kueleza ya kwake badala ya kuuliza. Juu ya mvinyo wa Mpunguzi hakuna aliyeuliza lolote, na wenzake baba walirudi nyumbani na makreti karibu yote waliyokuja nayo. Mvinyo uliopendwa zaidi siku ile ulikuwa wa choya. Baba alisema ni haki yake.

Jumapili tulikwenda Nkowe kama nilivyopanga, ila hapakuwa na kilichobaki cha kupanga. Wazee wetu walishaanza kuitana kwa majina ya ujana. Mama mkwe alipika wali na kuku wa nazi, ndugu wakajaa uani. Baada ya kula baba aliomba kusema neno. Akasimama na suti yake.

"Siku ya harusi ya watoto hawa sikuja," alisema. "Nilisema ni zabibu."

Aliishia hapo. Nilimwona anatafuta maneno mengine. Baba mkwe hakumwacha atafute sana.

"Zabibu tumezionja," akasema. "Kaa ule, wali unapoa."

Watu wakacheka, baba akakaa, na mama mkwe akamwongezea nyama bila kumuuliza. Alasiri walikwenda shambani wawili tu, wakakaa huko mpaka tukaanza kuogopa kwamba baba atachelewa gari la wenzake. Walirudi mikono ina majimaji ya mabibo, wanabishana. Baba alikuwa anasema mikorosho imebanana, haipati hewa. Baba mkwe alikuwa anasema mtu aliyekuja jana asimfundishe miti aliyopandiwa na babu yake. Niliwaangalia nikidhani urafiki umekwisha, mume wangu akaniambia niwaache, baba yake huwa habishani na watu asiowapenda.

Baba aliacha pingili chache za mzabibu, wakazipanda pamoja nyuma ya jiko la Nkowe. Nyingi zilikauka. Mmoja ulishika, umetambaa kwenye uzio na una majani mazuri, lakini zabibu hautoi. Baba anasema ni kwa sababu haupogolewi. Baba mkwe anasema ataupogoa siku mwenye nao atakapokuja kumwonyesha.

Mwezi uliopita nilikwenda Nkowe kumpima baba mkwe presha. Nilipokuwa namfunga mkono akaniambia, kama jambo ninalolijua tayari, kwamba jicho la baba yangu linaendelea vizuri tangu lilipofanyiwa upasuaji.

"Jicho gani?" nikauliza.

Akaona amekosea, akaanza kuongea habari za ufuta. Nikatoka nje na simu yangu, nikampigia baba kumuuliza kwa nini mimi binti yake, tena muuguzi, nasikia habari za jicho lake Nkowe. Simu yake ilikuwa inatumika. Nikangoja kidogo, nikapiga tena, bado inatumika. Niliporudi ndani nikamkuta baba mkwe amekaa na mashine ya presha mkononi, simu yake ameibana kati ya sikio na bega, ananong'ona, "Mkwe, nimeharibu. Ameshajua."